Majani ya Miti ya Matunda na Kisukari: Kazi Hufanyika Utumboni

Majani ya mpera, mwembe, mparachichi, mfenesi, mstafeli na mzambarau hukutana mahali pawili: kwenye kibanda cha muuza mitishamba na kwenye maabara ya chuo kikuu. Kote huko husifiwa kwa jambo moja, kwamba yanashusha sukari. Muuza mitishamba humwambia mteja ayachemshe, anywe kikombe asubuhi kabla ya kula na kingine kabla ya kulala. Mtafiti naye huandika kwamba dondoo la majani hayo lina uwezo wa antioksidanti na uwezo wa kupambana na kisukari, na sifa hizo mbili huandamana katika kichwa cha makala yake kana kwamba ya pili imezaliwa na ya kwanza. Uandamano huo ndio unaostahili kuhojiwa. Ushahidi uliokusanywa tangu karne ya 19 unaonyesha kwamba baadhi ya miti ya matunda kweli ina kemikali zinazobadilisha mwenendo wa sukari mwilini mwa binadamu. Lakini kemikali hizo hazifanyi hivyo kwa kuwa ni antioksidanti, na mahali pake pa kazi si pale ambapo wanywaji wengi, na hata watafiti wengi, wanapadhania. Asiyetenganisha mambo hayo mawili atayasifu majani yasiyofaa kitu, na yale machache yanayofaa atayanywa saa isiyo yake.

Suala lenyewe si la kupitishia wakati. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 537 duniani wanaishi na ugonjwa huu. Barani Afrika walikuwa milioni 24, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajui kama wanaumwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo yake mwaka 1998, UKPDS, ulithibitisha kwamba kuizuia sukari isipande kwa miaka mingi hupunguza madhara ya macho na figo kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Kwa hiyo hata upungufu mdogo wa sukari una thamani ukidumu. Kwa mgonjwa anayepanga foleni kliniki na kununua vijiti vya kupimia kwa fedha yake mwenyewe, jani lililo nyuma ya nyumba lingekuwa neema kama lingefanya hata nusu ya linalodaiwa. Ndiyo maana halistahili dharau wala sifa za bure.

Tuanze na neno antioksidanti, maana limebebeshwa mzigo kuliko nguvu zake. Kipimo kinachopendwa zaidi na maabara zetu kinaitwa DPPH, na chanzo chake ni kazi ya Marsden Blois ya mwaka 1958. DPPH yenyewe ni unga ambao ukiyeyushwa katika methanoli hutoa rangi ya zambarau iliyokolea. Ukidondoshea dondoo la majani lenye kemikali za jamii ya polifenoli, rangi hufifia na kuelekea manjano. Mashine husoma kiasi kilichofifia, na mtafiti hulinganisha na vitamini C. Kipimo hiki ni rahisi, cha bei nafuu, na kinapendeza macho. Tatizo ni kwamba karibu kila jani la kijani litafaulu, kwa sababu mimea hujitengenezea polifenoli ili kujikinga na jua kali na wadudu. Jani la mpera linafaulu. Majani ya chai ya Njombe na Kericho yanafaulu vilevile, na hakuna anayedai kwamba wanywaji wa chai wameagana na kisukari. Idara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuchapisha jedwali kubwa la vyakula kwa kipimo kingine cha aina hiyo, ORAC. Mwaka 2012 ililiondoa, ikieleza kwamba namba zile hazionyeshi kinachotokea mwilini na kwamba wauza bidhaa walikuwa wakizitumia vibaya. Kichupa cha maabara hakina utumbo wala ini. Polifenoli nyingi hazivuki ukuta wa utumbo kwa urahisi, na zinazovuka hubadilishwa na ini mara moja. Kinachobaki kikizunguka kwenye damu huwa kidogo sana kikilinganishwa na kile kilichomwagwa kwenye kichupa.

Mtetezi wa nadharia kwamba antioksidanti hupambana na kisukari ana jibu, na si jibu la kipuuzi. Atasema kwamba sukari ikizidi ndani ya seli huzalisha radikali huru, yaani molekuli zisizotulia, radikali hizo huharibu mishipa, figo na seli zinazotoa insulini, hivyo chochote kinachozizima lazima kisaidie. Sehemu ya kwanza ni kweli na imethibitishwa vya kutosha. Sehemu ya pili ilijaribiwa kwa binadamu, ikashindwa. Jaribio la HOPE lililochapishwa mwaka 2000 liliwapa vitamini E watu wenye hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, baadhi yao wakiwa na kisukari, na vitamini hiyo haikuwakinga. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya zaidi ya wanawake 6,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka tisa hivi, wakipewa vitamini C, vitamini E au beta-karotini. Idadi ya waliopata kisukari cha aina ya pili haikutofautiana na ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Finland, mwaka 1994, wavutaji sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Na lililowashangaza wengi ni jaribio dogo la Ujerumani la mwaka 2009, ambapo vijana waliofanya mazoezi kwa wiki nne huku wakimeza vitamini C na E walikosa lile ongezeko la mwili kuitikia insulini ambalo wenzao walilipata kwa mazoezi matupu. Inaelekea mwili hutumia radikali huru kidogo kama ishara ya kujirekebisha, na ukiizima ishara hiyo, faida ya jasho lako inapungua. Haya yote hayathibitishi kwamba majani ni mabaya. Yanathibitisha kwamba kusema "lina antioksidanti" si kueleza namna litakavyomsaidia mgonjwa wa kisukari.

Udhaifu mkubwa zaidi, na usiosemwa sana, uko kwa panya. Ili kumpata panya mwenye kisukari, watafiti wengi humchoma sindano ya aloksani au streptozotosini. Uwezo wa aloksani kuleta kisukari uliripotiwa na watafiti wa Glasgow mwaka 1943. Kemikali hizi mbili hupenya kwenye seli za beta, zile zinazotoa insulini katika kongosho, kupitia mlango uleule unaopitisha glukosi. Ikishaingia, aloksani huzalisha radikali huru kwa wingi, na seli za beta zina vimeng'enya vichache mno vya kujikinga nazo, basi zinakufa. Streptozotosini huua zaidi kwa kuharibu DNA, ingawa radikali huru nazo huchangia. Sasa mtego uko hapa: ukimpa panya dondoo lenye antioksidanti kabla ya sindano au sambamba nayo, baadhi ya seli zake zitaokoka, na sukari yake itasoma chini kuliko ya mwenzake aliyekunywa maji. Makala itasema dondoo limetibu kisukari, kumbe limepunguza makali ya sumu. Ni sawa na kumsifu mtu kwa ujenzi wa nyumba kwa sababu aliizuia isiungue. Isitoshe, panya aliyepewa dozi ndogo ya aloksani anaweza kupona mwenyewe, liwepo jani au lisiwepo. Binadamu mwenye kisukari cha aina ya pili hakuchomwa sindano hiyo. Mwili wake umeacha kuitikia insulini, ini lake linamwaga sukari usiku kucha, na seli zake za beta zimechoka kwa miaka. Tena majaribio yameonyesha kwamba seli za beta za binadamu huvumilia aloksani kuliko za panya. Kwa maneno mengine, zile sifa mbili za kwenye kichwa cha makala zimefungwa pamoja na sindano, si na jani. Muundo huu wa utafiti umezoeleka kiasi kwamba hitimisho lingeweza kuandikwa kabla panya hawajanunuliwa.

Kuna pia hesabu ambayo wachache huifanya. Dozi inayoonekana mara kwa mara katika makala hizi ni miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito wa panya. Kanuni ya kawaida ya kuhamisha dozi kutoka kwa panya mkubwa wa maabara kwenda kwa binadamu ni kugawa kwa 6.2, hivyo tunapata miligramu 65 hivi kwa kilo. Mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 4 za dondoo kavu. Tukichukulia kwamba majani makavu hutoa dondoo asilimia 10 ya uzito wake, hizo ni gramu 40 za majani makavu kwa siku, sawa na majani mabichi yapatayo gramu 100 au zaidi, kila siku ya maisha yake. Na hapo bado hatujagusa suala la methanoli na ethanoli zinazotumika maabara, ambazo hutoa kwenye jani vitu tofauti na vinavyotolewa na maji ya moto ya sufuriani. Anayesoma kwamba "majani ya mwembe yameshusha sukari" kisha akachemsha majani matano amesoma kuhusu kitu kimoja na kunywa kingine.

Mtego wa mwisho wa maabara ni mdogo, lakini umewapotosha wengi. Vimeng'enya vya jamii ya alfa-glukosidesi ndivyo vinavyomalizia kukata wanga kuwa glukosi kwenye ukuta wa utumbo mdogo, na kuvizuia ni njia halali ya kupunguza mpando wa sukari baada ya mlo. Dawa ya hospitali inayofanya hivyo ni akabosi. Katika maabara nyingi, kimeng'enya kinachonunuliwa kwa jaribio hili hutoka kwenye hamira, kwa kuwa ni rahisi kukipata. Akabosi huzuia vizuri vimeng'enya vya mamalia, lakini ni dhaifu mno mbele ya kile cha hamira. Matokeo yake, dondoo lolote lenye tanini litaonekana "lina nguvu kuliko akabosi", na sentensi hiyo itanukuliwa kwenye mtandao wa WhatsApp na watu wasio na habari kwamba ushindi huo ulipatikana dhidi ya hamira.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kwamba ninaipeleka hoja kwenye kukataa majani yote. Sivyo, na mti unaonizuia ni mtufaha, ule unaozaa tunda linaloitwa epo sokoni. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kwenye gome la mizizi yake kitu kichungu kilichoitwa florizini, ambacho kimo pia kwenye majani yake. Mwaka 1886 Joseph von Mering alionyesha kwamba mbwa akipewa florizini hukojoa sukari, ingawa sukari ya damu yake haijapanda. Siri ilikuwa kwenye figo. Figo za mtu mzima huchuja takriban gramu 180 za glukosi kwa siku na kuzirudisha karibu zote kwenye damu kupitia protini maalumu. Florizini huiziba protini hiyo. Hata hivyo kunywa florizini yenyewe hakufai, kwa sababu utumbo huikata vipande kabla haijafika damuni. Ilichukua zaidi ya karne moja mpaka wanakemia walipobadilisha namna sukari ilivyounganishwa kwenye molekuli hiyo, ili vimeng'enya vya utumbo visiweze kuitenganisha. Hapo ndipo zilipopatikana dapagliflozini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2012, na ndugu zake, ambazo pia zimeonyesha kulinda moyo na figo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu. Mti wa matunda, basi, umeshatoa mojawapo ya dawa bora za kisukari za zama zetu. Lakini angalia: hakuna mahali katika historia hiyo neno antioksidanti lilipofanya kazi yoyote. Kilichofanya kazi ni kujua molekuli gani, inagusa protini gani, kwenye kiungo gani, na kwa nini ikinywewa hivihivi haifiki.

Mforosadi nao una kisa kinachofanana na hicho, na kinatusogeza karibu zaidi na kikombe cha majani. Mwaka 1976 watafiti wa Japani walipata kwenye mti huo kitu kinachofanana sana na glukosi kwa umbo, DNJ kwa kifupi, ambacho majani yake yanacho pia. Vimeng'enya vya utumbo hukidaka vikidhani ni sukari, vikakwama. Kutoka kwenye umbo hilo ilitengenezwa dawa ya miglitoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Lakini hapa jani lenyewe pia linafanya kazi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, watu wenye kisukari na wasio nacho walipewa gramu 75 za sukari ya mezani pamoja na dondoo la majani ya mforosadi. Sukari ya damu ilipanda kidogo kuliko walipopewa sukari hiyo bila dondoo, huku hidrojeni kwenye pumzi yao ikiongezeka. Hiyo hidrojeni ndiyo ushahidi mtamu zaidi: hutolewa na bakteria wa utumbo mpana wanapopata sukari iliyopita bila kumeng'enywa. Mtafiti hakuhitaji kubahatisha jani lilifanyia kazi wapi, kwa kuwa jibu lilikuwa likitoka mdomoni mwa mshiriki.

Na mpera? Huu ndio mti wetu wenye hoja nzito kuliko yote, na hoja yake imejengwa Japani. Tangu mwaka 2000 serikali ya huko imeruhusu chai ya majani ya mpera ya kampuni ya Yakult iuzwe katika kundi la vyakula vyenye manufaa maalumu ya kiafya, kwa dai finyu kabisa: kwamba ikinywewa pamoja na chakula hupunguza mpando wa sukari baada ya mlo. Katika majaribio yake watu walikula wali mweupe wakashushia na chai hiyo, na sukari yao ikapanda kidogo kuliko waliposhushia na maji ya moto. Kinachofanya kazi ni polifenoli kubwa kubwa za jamii ya tanini, ambazo hung'ang'ania vimeng'enya vinavyokata wanga. Ni hapa ambapo kasoro niliyoitaja mwanzoni inageuka kuwa si kasoro. Tanini hizi hazivuki kuingia damuni, na kwa anayetaka zikazime radikali huru kwenye kongosho hilo ni pigo. Kwa kazi ya utumboni hazihitaji kuvuka. Wanga upo palepale, vimeng'enya vipo palepale, na kikombe cha chai kinazifikisha hapo kwa kiasi ambacho damu isingekipata kamwe. Jani ambalo nadharia ya antioksidanti inalisifu kwa sababu isiyo sahihi lina sababu nyingine ya kusifiwa, ya kawaida tu, ya kimekanika.

Ukikubali hivyo, mambo kadhaa yanafuata, na mengine yanaenda kinyume na mazoea. Kikombe kinywewe pamoja na ugali, wali au chapati. Cha alfajiri tumbo likiwa tupu hakina wanga wa kuzuia, na sukari inayosomwa kabla ya kifungua kinywa hutoka zaidi kwenye ini, ambalo chai ya mpera hailigusi kwa njia hii. Atakayepima ufanisi wa jani kwa kipimo cha asubuhi atasema halifai. Atakayepima saa moja baada ya mlo huenda akaona tofauti. Faida nayo itategemea kinacholiwa. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2014 lililinganisha akabosi na metformini, dawa ya kawaida ya kisukari, kwa wagonjwa wapya, na wastani wa sukari wa miezi mitatu ukashuka kwa kiasi kinachokaribiana, jambo ambalo wengi walilihusisha na mlo wao uliojaa wanga. Mlo wetu nao umejaa wanga. Sahani ya ugali wa sembe na mchicha kidogo pembeni ndiyo mazingira ambamo kizuizi cha wanga kina la kufanya. Ila akabosi ni kemikali moja iliyopimwa kwa miligramu, na jani la mpera hubadilika kwa umri wake, udongo, msimu na aina ya mti. Na wanga usiomeng'enywa lazima uende mahali: tumbo kujaa gesi ndiyo bei ya kawaida ya dawa za kundi hili.

Dhidi ya matumaini hayo lazima uwekwe mzambarau. Brazili mti huu umetumiwa sana na wagonjwa wa kisukari, na kikundi cha watafiti wa Porto Alegre kiliamua kufanya lile ambalo wengine huliahirisha: kuipima chai yenyewe, kwa watu wenyewe. Mwaka 2000 walichapisha majaribio yao ya wanyama na ya binadamu, na chai haikushusha sukari. Mwaka 2004 walitoa jaribio jingine ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya chai ya majani ya mzambarau na dawa ya kisukari ya glibenklamide, kila mmoja akipewa pia mfano bandia wa dawa ya mwenzake ili asijue anatumia ipi. Sukari ya waliotumia glibenklamide ilishuka, ya waliokunywa chai haikushuka. Jani la mzambarau hubadilisha rangi ya DPPH kwa ufasaha usio na shaka, na makala za panya zinazolisifu hazijakoma hadi leo. Zikigongana na jaribio la kikombe halisi kwa mgonjwa halisi, ni jaribio la kikombe linalopaswa kusikilizwa.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la uzoefu: wazee walitumia, watu wamepona. Tiba za asili zimehifadhi maarifa ambayo hospitali ilichelewa kuyapata, na metformini yenyewe, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa Jean Sterne huko Ufaransa mwaka 1957, ina asili yake katika kemikali ya mmea wa malishoni wa Ulaya. Lakini kisukari cha aina ya pili ni ugonjwa ambao mtu hauhisi kwa miaka, na jicho la mganga, hata awe hodari namna gani, haliwezi kutofautisha sukari ya milimoli 9 kwa lita na ya 13. Tena watu hukimbilia majani sukari ikiwa juu kabisa. Kipimo kinachofuata kina uwezekano mkubwa wa kuwa chini hata wasipofanya kitu, kwa kuwa sukari hupanda na kushuka. Na anayeanza kunywa majani kwa kawaida siku hiyohiyo ameacha soda. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kilichosemekana kutibu kisukari miongoni mwa maradhi mengine sugu. Wingi wao ulikuwa kipimo cha shida na imani, haukuwa kipimo cha sukari. Pingamizi jingine husema kampuni za dawa zinaficha nguvu za majani. Florizini na DNJ zinaonyesha kinyume: kampuni zikiona molekuli yenye faida huikimbilia. Tatizo la kweli ni kwamba jani la kuchemsha halina hataza, kwa hiyo hakuna anayelipia jaribio lake kwa binadamu, na panya ndio wanaobaki kuwa wa bei nafuu.

Usalama mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja, kwamba majani ni vitu vya asili. Kisiwani Guadeloupe, mwaka 1999, madaktari walieleza ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usiofanana na Parkinson ya kawaida, ukihusishwa na kula stafeli na kunywa chai ya majani ya mstafeli. Mti huo una anonasini, ambayo maabara imeonyesha kuwa ni sumu kwa seli za ubongo. Tunda la aki likiliwa halijaiva, kama ilivyojulikana Jamaika, hushusha sukari kwa nguvu kwa sababu lina haipoglisini inayolizuia ini kutengeneza glukosi, na mlaji anaweza kufa. Huko Muzaffarpur, India, uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulihusisha vifo vya watoto na lichi zenye sumu ya jamii hiyo, hasa kwa waliolala bila kula. Kushusha sukari, basi, si jambo jema kwa lenyewe. Swali ni kwa njia ipi na kwa kiasi gani. Kuna hatari nyingine isiyotoka kwenye mti kabisa. Singapore, mwaka 2008, watu wengi walilazwa kwa kuishiwa sukari, baadhi wakafa, baada ya kumeza bidhaa za kuongeza nguvu za kiume zilizochanganywa kisirisiri na glibenklamide. Unga wa majani unaoshusha sukari kwa kasi ya kidonge, hasa ukiwa na nembo na chupa nzuri, yafaa ushukiwe kwanza kabla ya kushangiliwa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuna jani la kujadili: kabla insulini haijaanza kutumika Toronto mwaka 1922 watoto wenye ugonjwa huo walikufa, na kuiacha leo kunaleta matokeo yaleyale ndani ya siku chache.

Jaribio linalokosekana halidai jengo jipya. Taasisi ya Tiba Asili iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Muhimbili ina watu wanaoyajua majani, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo cha tiba asili, na kliniki za kisukari zina mashine za kupimia. Wachukuliwe wagonjwa wanaotumia metformini, na wasiiache. Kila mmoja ale mara mbili, kwa siku tofauti, ugali wa uzito uleule. Siku moja ashushie na chai ya majani ya mpera yaliyopimwa kwa gramu na kuchemshwa kwa dakika zilizopangwa, siku nyingine na chai yenye rangi na uchungu unaofanana, isiyo na mpera. Apimwe kabla ya kula, kisha baada ya dakika 30, 60, 90 na 120, na apimwe hidrojeni ya pumzi ikiwezekana. Mistari miwili ya sukari ikikaa pamoja, mpera uungane na mzambarau. Ikiachana, kuna hatua ya pili, ya miezi mitatu na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa kipindi hicho, na hapo ndipo itakapojulikana kama upungufu wa baada ya mlo unatosha kubadilisha wastani, au kama tumbo hulipiza katika mlo unaofuata.